Sura za Waliojenga Uwanja

“Pazia hilo jipya litoke,” alisema mtayarishaji wa televisheni. “Linang'aa mno. Watu watadhani mna nafuu.”

Fundi cherehani akapanda kwenye stuli, akaliteremsha pazia aliloshona kwa ajili ya kamera hizo hizo. La zamani, lenye tundu la pasi, likarudishwa. Cherehani aliyokuwa ameificha nyuma ya kabati nayo ikavutwa hadi katikati ya chumba, na gauni la mteja lisilo na mikono likatupiwa juu yake, lionekane limeachwa vivi hivi.

Televisheni yenyewe ilikuwa ya kampuni, kubwa kama mlango. Kampuni hiyo ilichimba kokoto nyuma ya mtaa ule miaka nenda miaka rudi, ikaondoka imeacha shimo na vikohozi, na haikuwahi kumpa mtu hata balbu. Sasa ilikuwa imejenga uwanja wa fainali, ng'ambo, na mume wa fundi alikuwa mmoja wa waliosafirishwa kwenda kuujenga. Wakati wa mapumziko, walisema, dunia nzima itaonyeshwa nyumba ya mjenzi mmoja. Wamechagua ya kwake.

“Wamechaguaje?” alimuuliza shemeji yake, mdogo wa mumewe. Mambo yote ya kampuni yalipitia kwa shemeji. Kampuni za namna ile hupenda kuzungumza na mwanaume, na hupenda zaidi mwanaume asiye na kazi.

“Bahati tu, shemeji.”

“Na kaka yako mbona hapigi simu? Tangu mvua zianze, kimya.”

“Si nilikwambia? Uwanja ukikaribia kufunguliwa, simu zao hukusanywa. Siri za kazi.”

Simu ya fundi nayo ilikusanywa. Dada wa vipodozi aliitia mfukoni mwake, akasema inaingilia sauti, kisha akampaka poda bila kumtazama machoni. Majirani waliokuja kuona mpira wa bure walizuiwa nje, wakabaki wamejipanga dirishani. Na kwenye kochi, kati ya fundi na binti yake, mtayarishaji aliagiza nafasi moja iachwe wazi.

Hapo fundi akaelewa. Akamvuta binti yake, akamnong'oneza sikioni.

“Baba yako amerudi. Wamemficha kwenye lile gari lao waliloegesha barabarani. Mapumziko yakifika wanamwingiza. Wewe jifanye umeshtuka.”

“Nilie au nicheke?”

“Lolote. Ila usinipite mbio. Wa kwanza kumkumbatia ni mimi.”

Ng'ambo sherehe zilikuwa zimewaka. Mwimbaji alishushwa kutoka angani kwa kamba, anaimba huku ananing'inia. Fataki zikapasuka. Watoto waliovishwa nyeupe wakalizunguka kombe kama wamefundishwa kuliabudu. Yakaja matangazo: sabuni, bia, benki, kisha kampuni yenyewe, na sauti nene ikisema, “Tunainua ndoto.” Ndipo mpira ukaanza.

Mtangazaji alilisifu paa kuliko wachezaji. Linajifungua, linajifunga, halina nguzo hata moja, ajabu ya karne. Hakusema lilifungwa na mikono ya nani, kwa mshahara gani, katika jua la namna gani.

“Baba alipanda mpaka huko?” binti akauliza.

“Mpaka kwenye zile taa. Baba yako hana kizunguzungu. Hicho umekirithi kwetu.”

Shemeji akatoka nje kutema mate. Aliporudi, mtayarishaji alimwelekeza kwenye stuli, nyuma kidogo ya kochi, ili naye aingie kwenye picha.

“Mbona umepauka hivyo?” fundi akamtania. “Timu yako inafungwa?”

“Sina timu, shemeji.”

“Huna timu, huna kazi, huna mke. Una nini wewe?”

Dirishani wakacheka. Wenye jezi nyekundu wakafunga bao, kelele zikatikisa kioo. Fundi hakuliona. Alikuwa anatega sikio lake barabarani, kwenye lile gari.

“Bado muda gani?” akamuuliza mtayarishaji.

“Karibu tu, mama. Usiichoshe sura.”

Kipenga kikalia. Taa nyekundu ikawaka juu ya kamera. Fundi akanyoosha gauni, akageukia mlango. Mtayarishaji akamshika kidevu, taratibu kama daktari, akamrudisha.

“Televisheni, mama. Siyo mlango.”

Taa za uwanja zikafifia, kinanda kikaanza polepole. Kwenye ubao mkubwa ikatokea sura ya mwanaume aliyevaa kofia ya ujenzi. Kisha mwingine. Kisha mwingine.

“Hawa,” mtangazaji alisema, “ndio waliotujengea.”

“Huyo,” fundi akaonyesha kwa kidole, “ndiye anayelala chumba kimoja na mume wangu. Anakoroma, mwenzake hulala na pamba masikioni.”

Ndipo ikaja sura ya mumewe, pana kama goli, ndevu hazijanyolewa.

“Baba,” binti akasema.

Fundi aliruka. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka, na dirishani wanawake wakampokea. Akamwinua binti yake, wakacheza kati ya kochi na cherehani. “Mchafu huyo,” akasema huku machozi yanamtoka, “dunia nzima inamwona na hata kunyoa hakunyoa.” Mpiga picha akamsogelea, karibu, karibu zaidi. Mtayarishaji akanong'ona kwenye kipaza sauti chake, “Bado. Mwacheni kwanza afurahi.”

Mtangazaji akashusha sauti. Akawaomba watu wote uwanjani wasimame, dakika moja, kimya, kuwakumbuka.

Vigelegele vya fundi vilimzuia kusikia. Aligeuka kumnyanyua shemeji yake wacheze. Shemeji alikuwa amesimama tangu sura ya kwanza, kofia kifuani, kichwa ameinamisha.