Nyumba Iliyopigwa Picha Msibani

Sheria inasema kila nyumba ipigwe picha mara moja tu, ili tabia yake isipotee, na wenye nyumba waishi kama picha inavyoonyesha.

Mpiga picha alifika kwetu siku tulipomzika mume wangu. Makochi yalikuwa nje chini ya turubai, nasi wanawake tumekaa sebuleni kwenye mikeka. Kwetu mgeni wa msibani haulizwi alichofuata. Alitupa pole, tukampa chai, akainywa, kisha akatoa kamera.

Miaka imepita na makochi hayajarudi ndani.

Binti yangu Nakiete alipochumbiwa, nilimwita afisa wa picha dirishani nikamwomba ruhusa ya harusi.

"Mama, nyumba yako ni ya msiba," akasema. "Vigelegele haviruhusiwi."

"Na mimi nilie mpaka lini, baba?"

"Kulia si lazima. Wewe kaa tu."

Basi Nakiete alivalishwa shela kwa jirani. Kabla ya kwenda kanisani alikuja dirishani kwangu.

"Mama, toka basi unibariki!"

"Siwezi, mwanangu. Kwenye picha nimekaa."

Nilimwombea hapohapo mkekani, kimoyomoyo. Namshukuru Mungu kwamba sala haionekani kwenye picha. Vigelegele vilipoanza kwa jirani, nilishindwa kujizuia.

Mkaguzi aliyepita mchana ule alinikuta nikilia. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema hajawahi kuona nyumba iliyotunzwa vizuri namna hii.