Adhana ya Pili

Kichupa alichoshika daktari kilikuwa na kivimbe cheupe, kidogo kama punje ya mchele, alichokitoa nyuma ya ngoma ya sikio la kulia la Zamda.

"Amezaliwa nacho," alisema. "Kilishaanza kula mifupa ya sikio. Tumekiwahi, baba, lakini kama atasikia, siwezi kukuahidi."

"Amezaliwa nacho?" Shebe aliuliza taratibu. Sikio hilohilo ndilo alilomwadhinia binti yake siku alipozaliwa, ili jina la Mungu litangulie maneno mengine yote.

Daktari alipotoka, Shebe aliinama kitandani, akaweka mdomo karibu na bandeji, akaadhini upya kwa kunong'ona. Alipomaliza hakuinuka. Zamda, angali amefumba macho, aliinua mkono polepole, akazigusa ndevu za baba yake, akauacha hapo.