Kopo la Chini ya Meza

"Nusa," mama mkwe alisema, akimsogezea kiganja chenye pilipili ya unga. "Halafu uniambie."

Mkaza mwana aliinama akavuta pumzi. Pua ikamwasha, macho yakamlengalenga, basi. Harufu hakuna. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu mafua makali yaondoke na kila kitu: harufu ya kitunguu, ya sabuni, hata ya mumewe. Ulimi nao ulibaki kujua chumvi na moto wa pilipili tu. Siku hizi alipika kwa kupima kila kitu kwa kijiko, na hakumwambia mtu.

Wiki iliyopita ndipo maji yalipomfika shingoni. Maharage yaliungua mpaka yakashika chini ya sufuria, naye yuko hapo hapo anamenya viazi. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, karibu kabisa na jiko, anachagua mchele, kimya. Mumewe ndiye aliyekuja mbio kutoka uani akiuliza nini kinaungua. Mkaza mwana alielewa mara moja: yule mama aliyaacha yateketee makusudi, amwone atafanya nini. Pua yake ilisifiwa ukoo mzima. Walisema anajua leo maziwa yatakayochacha kesho.

Jioni ile mama mkwe akatoa hukumu. "Jumamosi tunakwenda dukani wote wawili, unichagulie pilipili. Ukichagua takataka, namwita wifi yako ahamie hapa ashike jiko."

Wifi! Huyo alikuja kulala siku mbili tu mwaka jana, akapanga upya kabati zima la vyombo. Akiingia na sanduku lake, hatoki tena. Mkaza mwana aliogopa kweli kweli.

"Inanuka vumbi," alisema sasa, pale dukani. Alikuwa ameona jinsi ilivyopauka, akabahatisha.

Mama mkwe alimkazia macho. Kisha naye akanusa, taratibu, kwa madaha yake. "Vumbi tupu," akamwambia mwenye duka. "Rudisha."

Duka lilikuwa la kila kitu: sukari, misumari, sabuni za mche, mafuta ya taa ya kupimiwa kwa chupa, na viungo vimepangwa mbele kwenye vifuko. Mwenye duka akafungua kifuko cha pili. Mkaza mwana aliomba glasi ya maji, akatia pilipili kidogo. Chembe nyekundu zikazama chini puu.

"Hii ina unga wa tofali," alisema.

"Dada, una macho wewe," mwenye duka alisema, akakificha upesi. "Basi chukua hii ya tatu. Hii nakuhakikishia. Wateja wangu wote wanachukua hii."

Hapo ndipo alipoliona kopo chini ya meza, nyuma ya miguu ya mwenye duka. Limejaa pilipili nyekundu, nyekundu ya kupendeza.

"Na ile?"

"Ile hapana, dada. Ile nilitaka kuitoa."

Mama mkwe alicheka kidogo. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha tatu unakipigia debe, hili unalikalia. Unawawekea watu wako, eh? Lilete hapa."

"Mama, mimi nimeshasema."

"Na mimi nimesema lilete."

Mkaza mwana alisugua unga kidogo baina ya vidole. Ukaacha mafuta. Marehemu bibi yake alimfundisha kwamba pilipili mpya lazima iache mafuta vidoleni. Akaitia kwenye glasi ya pili. Hakikuzama kitu, juu ya maji paliogelea utando mwembamba tu, unang'aa rangi rangi. Mwanamke aliyekuwa anasubiri sabuni alivuta mtandio puani akajisogeza mbali. Pilipili ya kweli, mkaza mwana alijisemea, mpaka jirani anakimbia.

"Nusa," mama mkwe alisema. "Halafu uniambie."

Mkaza mwana aliinama. Akavuta pumzi, akajikaza. "Mpya kabisa. Imekaushwa juani. Na ina kautamu, mama. Kwa mbali."

Mama mkwe aliingiza pua ndani ya kopo, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Mkaza mwana alitazama vidole vyake mwenyewe, maana uso wa yule mama hakuweza kuutazama.

"Kautamu," mama mkwe alisema mwishowe. "Ndiyo. Kwa mbali."

Mwenye duka alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliwapimia robo kilo kwa nusu bei, na wala hawakuomba.

Saa saba mchuzi wa nyama ulikuwa tayari. Mama mkwe alichota kwa upawa, akaumimina kidogo kiganjani, akaonja. Akaonja tena.

"Imekolea," alisema. "Jiko lako, mwanangu. Wifi yako abaki kwake."

Mkaza mwana alipakua kwa furaha. Wakakaa wawili hao wakala, wakacheka hata kumcheka mwenye duka aliyedhani atawaweza. Mama mkwe akaomba bakuli la pili.

Walikuwa katikati ya kula mume aliporudi kutoka kazini. Alisimama mlangoni, kola ya shati ameibana puani.

"Jamani, nani kamwaga mafuta ya taa humu? Yananuka mpaka barabarani."

Kijiko cha mama mkwe kilisimama njiani. Alilitazama bakuli lake, akamwinamia mkaza mwana sikioni.

"Nusa, mwanangu," alinong'ona. "Halafu uniambie."