Kigae Chenye Ua

"Hiki kitaharibu ukuta, mama," fundi alisema. Vigae vyote vilikuwa vyeupe na laini, isipokuwa kimoja chenye ua lililochomoza.

"Kiweke hapo, kabla tu ya jiko," Leonsia akamjibu.

Saruji ilipokauka, alimshika mkono mama mkwe wake na kumwingiza jikoni. Tangu macho yapofuke na jiko limuunguze, mama huyo alikuwa akipikiwa, naye alikula kidogo sana.

Alipapasa ukuta juu ya meza ya zege, polepole. Vidole vilipofika kwenye ua vikasimama. Akazungusha kidole kwenye kila petali. Joto la jiko lilikuwa mbele kidogo tu.

Akajifunga kanga kiunoni.

"Ndizi mmeziweka wapi?"