Fimbo Mbili

Masumbuko alipiga dramu za muziki wa roki mpaka sikio la kushoto likaziba na bendi ikafa. Leo ameingia darasani, mwalimu mpya wa muziki. Akatoa mkobani fimbo zake mbili zilizotafunwa na matoazi.

"Haya, nani ataanza?"

Darasa likanywea. Tunu, binti wa dawati la mbele, akasimama, akafumba macho, akanyoosha kiganja.

"Nimekosa nini, mwalimu?"

Fimbo zile zilizompa jina mjini zikamwia nzito. Akailaza moja kiganjani mwa Tunu, taratibu.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Shika, upige wewe."

Tunu akaishika, macho bado kayafumba. Mkono ulimtetemeka hata ncha ya fimbo ikawa inagonga dawati, ko-ko-ko. Masumbuko akainama, akatega sikio lake zima.