Plati Sita

"Weka plati sita za moto," Bi Mkunga alimwambia fundi, "na oveni ya kumeza kuku wawili kwa mpigo."

Fundi alimtazama, kisha akalitazama jiko. Palikuwa na birika, vikombe viwili na sufuria moja ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani. Katika nyumba hii ya mwanawe, tangu harusi, mwaka wa nne sasa, moto uliwashwa kwa ajili ya maji ya chai tu.

Chakula kilitoka kwa Bi Mkunga mwenyewe, mtaa wa pili. Kila siku saa kumi jioni alibeba hotpoti mbili, moja kila mkono, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu huku magoti yakimlalamikia. Mwanawe na mkewe walikula, wakamshukuru, wakamrudishia hotpoti zimeoshwa. Kwa kuosha, hakuwa na la kuwalaumu.

Lakini Bi Mkunga alistaafu ukunga, hakustaafu kuishi. Alitaka kujifunza kuendesha gari. Chuo kilikuwa kimebakiza nafasi moja, nayo ni ya hiyo hiyo saa kumi jioni, na mwalimu alikubali kumshikia mpaka Jumatatu. Mara ngapi alitaka kumwambia mwanawe kwamba amechoka! Kila akifungua mdomo, ulimi unakuwa mzito, anaishia kuuliza kama chumvi imekolea.

Kwa hiyo aliposikia kuwa wanabomoa jiko kulijenga upya, roho yake ilisuuzika. Hatimaye wamekua, alijisemea. Akajifunga kibwebwe, akaapa kuwajengea jiko ambalo mtu akiingia ataona haya kutoka bila kupika.

Na kweli walimsikiliza. Alipotaka sinki mbili, mkwewe aliandika mbili. Alipotaka dirisha lipanuliwe mvuke utoke, mwanawe alikubali kabla hajamaliza kusema. Hata rangi ya makabati mkwe hakutaka kuichagua.

"Sisi tutajua nini, mama?" alisema. "Chagua unayoipenda wewe."

Bi Mkunga akachagua kijani. Unyenyekevu ule ulimgusa, akamwahidi binti wa watu kwamba atamfundisha mapishi yeye mwenyewe, polepole, bila kumkaripia. Mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mama kwa utani hajambo.

Jumamosi fundi alibakiza kipimo kimoja. Meza ya jiko, alieleza, haipimwi kwa ukuta bali kwa kiwiko cha mpishi. Ikikaa chini, mgongo unauma; ikikaa juu, mabega yanauma. Yeye hakati ubao mpaka mpishi asimame mbele yake.

Bi Mkunga alimwona fundi huyu ni mtu wa maana sana. Hapo hapo akampigia simu mwalimu wa gari: amwandike, Jumatatu anakuja bila kukosa. Alipokata simu akamwita mkwewe aliyekuwa sebuleni.

"Mwanangu, njoo upimwe."

Mkwe alikuja haraka, daftari mkononi, kalamu imeshafunguliwa. Akampita Bi Mkunga, akasimama nyuma ya fundi.

"Nipo tayari kuandika," alisema. "Mama, kunja mkono."