Mahali pa Uru

Tatu alikuwa amekalia kiti cha marehemu mumewe, na mkononi hakuwa na ree wala karata ya picha. Kopa tano ndogo, shupaza nne, pau nne. Uru, hata moja. Kwa karata kama hizo mumewe asingetaja chochote.

Shekue, mwenzake aliyeketi mkabala naye, alishataja kopa kuwa turufu. Jabu, mmoja wa wapinzani wao, akajibu kwa kutaja uru, kifua mbele.

Tatu akazipanga upya, polepole. Kila uru ambayo Jabu angeitupa, kopa yoyote ndogo ingeikata.

"Kopa," akasema. "Tutakula mara kumi kati ya kumi na tatu."

"Shemeji, marehemu asingethubutu."

"Marehemu hayupo, Jabu. Cheza."

Jabu akabwaga ree ya uru. Kama ilivyo desturi ya mchezo, Tatu akalaza karata zake zote wazi, mwenzake amchezee.

"Ndizo hizi?" Jabu akacheka.

Shekue hakucheka. Macho yake yalitafuta mahali pa uru, yakapakuta patupu. Akanyoosha kidole, taratibu, hadi juu ya mbili ya kopa.